Siku ya Kunyoa Kondoo wa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mfugaji mwenye kondoo watano, kumi au ishirini katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Kinangop na Ol Kalou hadi Molo, Mau Narok na Timau, ambako baridi imewafanya kondoo wa sufu kama Corriedale, Merino, Romney Marsh na Hampshire Down kuzoeleka kwa miaka mingi. Mwenye kundi kubwa huwa na banda maalumu la kunyolea, mashine na wafanyakazi wazoefu. Mwenye kundi dogo huwa na makasi, turubai na vijana wawili wa nyumbani, na huyu ndiye aliyefikiriwa hapa.

Je, kila kondoo anahitaji kunyolewa?

La. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele fupi, hana sufu, na hahitaji makasi maisha yake yote. Dorper, aina iliyozalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na Blackhead Persian, huwa na mchanganyiko wa nywele na sufu ambao kwa kawaida hupukutika wenyewe. Tatizo liko kwa machotara. Wafugaji wengi wamepandisha kondoo jike wa Corriedale kwa dume wa Dorper ili wapate nyama zaidi, na wanakondoo wanaozaliwa hutofautiana sana: mmoja hupukutika vizuri, ndugu yake hubaki na blanketi zito mgongoni ambalo halidondoki. Usimhukumu chotara kwa jina la baba yake. Mtazame mwishoni mwa msimu wa kiangazi, na kama sufu bado imemganda mgongoni na mbavuni, mnyoe.

Sufu haina bei nzuri siku hizi. Kwa nini nijisumbue?

Kwa sababu kunyoa ni kazi ya afya ya mnyama kwanza, na sufu ni pato linalofuata nyuma. Sufu ya kondoo hawa haiachi kukua, na kondoo aliyeachwa miaka miwili hubeba mzigo ambao hawezi kuupunguza mwenyewe. Mkojo na kinyesi hushikana na sufu ya nyuma, nzi hutaga mayai hapo, na mabuu wakianguliwa huanza kula ngozi ya mnyama aliye hai. Mwenye mimba akiwa na sufu nzito na iliyolowa anaweza kulala chali kwenye shimo dogo la malisho, akashindwa kuinuka, na akafa kwa gesi inayomjaa tumboni kabla mtu hajamwona. Mwanakondoo aliyezaliwa usiku hutafuta chuchu kwa kupapasa, na akikutana na kishada cha sufu chafu hunyonya hicho.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Sufu huficha hali ya mwili. Kondoo anayeonekana mnono kwa mbali anaweza kuwa mifupa mitupu chini ya sentimita kumi za sufu, na siku ya kunyoa ndiyo siku ambayo mwenye kundi hujua ukweli. Kwa maoni yangu, hata kama sufu yote ingetupwa shimoni, siku hiyo bado ingelipa.

Ni wakati gani wa mwaka unaofaa?

Katika sehemu nyingi za nyanda za juu, Januari na Februari ndiyo miezi bora, kwa sababu hewa ni kavu, jua lipo, na mnyama hupata majuma kadhaa ya kuotesha sufu fupi kabla ya mvua ndefu kuanza Machi. Mwezi wa Septemba nao hutumiwa na baadhi ya wafugaji, baridi ya katikati ya mwaka ikiwa imepungua na mvua za vuli zikiwa bado. Kipindi cha kuepuka kabisa ni Juni hadi Agosti. Anayeishi Kinangop au Molo hahitaji kuelezwa jinsi ukungu wa Julai unavyoingia mpaka mifupani, na kondoo aliyenyolewa jana hana kinga yoyote dhidi yake.

Kalenda ya mimba nayo ihesabiwe. Mimba ya kondoo huchukua takribani siku 147 hadi 150, kwa hiyo kama uliandika tarehe ambayo dume aliingia kundini, unaweza kujua nani yuko karibu kuzaa. Mwezi wa mwisho si wa kumgeuza mnyama chali na kumsukumasukuma. Majuma sita hadi manane kabla ya kuzaa ni muda mzuri, na una faida yake: kondoo aliyenyolewa hula zaidi na hutafuta mahali penye kinga, hivyo mwanakondoo naye huzaliwa mahali pakavu. Huko New Zealand imethibitishwa kwamba kunyoa katikati ya mimba huweza kuongeza uzito wa mwanakondoo anapozaliwa, ila faida hiyo haimfikii mnyama aliyekonda au asiye na chakula cha kutosha. Ikiwa umechelewa, nyoa sehemu ya nyuma na kuzunguka kiwele tu, mnyama akiwa amesimama, kisha umalizie mwili mzima baada ya kuzaa.

Kondoo anyolewe mara ngapi, na mwanakondoo aanze lini?

Mara moja kwa mwaka inatosha kwa Merino, Corriedale na Hampshire. Romney na wengine wenye sufu ndefu wanaweza kunyolewa mara mbili, ila mwenye kundi dogo hapati faida kubwa kwa hilo. Mwanakondoo anaweza kunyolewa mara ya kwanza akiwa na miezi sita hadi minane, sufu yake ikiwa imefikia walau sentimita tano, na sufu hiyo ya kwanza ndiyo laini kuliko zote atakazotoa baadaye.

Kwa nini kondoo wasile usiku wa kuamkia siku ya kunyoa?

Hili ndilo jambo linalopuuzwa zaidi, na ndilo linaloharibu siku kuliko makasi butu. Kondoo ana tumbo kubwa la kucheulia, na tumbo hilo likiwa limejaa nyasi na maji huchukua sehemu kubwa ya fumbatio. Anapokalishwa kwa matako huku mgongo ukiegemea miguu ya mnyoaji, uzito wote huo hubana mapafu, naye hupigania pumzi kwa kurusha mateke. Watu husema kondoo ni mkaidi, kumbe anakosa hewa. Mnyama mwenye tumbo tupu hutulia, hachafui mahali pa kazi kwa mkojo na kinyesi, na hatari ya kuumia hupungua kwake na kwa anayemshika.

Kwa wakubwa, ondoa chakula jioni ya siku iliyotangulia, ili asubuhi wawe wamekaa saa kumi na mbili au zaidi bila kula, lakini wasizidishe saa ishirini na nne. Maji nayo yaondolewe usiku ikiwa kazi itaanza asubuhi. Wanakondoo wanaonyonya wasiachwe na njaa muda mrefu. Mwenye mimba kubwa apunguziwe muda huo kwa kiasi kikubwa, kwa maana kondoo mwenye mapacha tumboni akikosa chakula katika majuma ya mwisho huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake kwa kasi, akalegea, akashindwa kusimama na hata kufa. Wafungie wote katika zizi lisilo na nyasi, kwa sababu kondoo mwenye njaa hula hata matandiko.

Imenyesha usiku. Je, niendelee?

Usiendelee. Sufu iliyolowa huziba makasi, huteleza mkononi, na ikifungwa gunia huvuna joto, huota ukungu na kubadilika rangi kuwa njano ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa. Umande wa alfajiri peke yake unatosha kuleta madhara hayo, kwa hiyo kundi lilale chini ya paa usiku huo. Banda liwe na upenyo wa hewa, kwani kondoo kumi waliofungiwa ndani ya mabati bila dirisha huamka wamelowa kwa mvuke wao wenyewe. Ili kupima, fumbua sufu kwenye bega na chini ya tumbo, kisha weka shavu lako hapo. Ukihisi ubaridi wa unyevu, subiri jua lipande au uahirishe, hata kama mnyoaji amekwisha kufika. Mpe chai, mpangie siku nyingine.

Vifaa gani vinahitajika?

Makasi ya mkono ya kunyolea kondoo, yale ya chuma kimoja kilichopindwa nyuma yanayojifungua yenyewe, yanatosha kabisa kwa kundi la chini ya kondoo ishirini. Hayahitaji stima, huacha sufu ndefu kidogo ambayo humkinga mnyama na baridi, na mtu hujifunza kuyatumia bila kuogopa kelele. Makasi ya fundi cherehani hayafai. Muhimu kuliko kitu kingine ni makali: makasi butu hutafuna sufu, huvuta ngozi na kumfanya mnyama aruke. Andaa jiwe la kunolea na mafuta mepesi, na uyanoe kila baada ya kondoo wawili au watatu.

Mashine za kunyolea zilianza Australia, ambako Frederick Wolseley alihangaika na wazo hilo tangu miaka ya 1870, na mwaka 1888 banda la shamba la Dunlop huko likawa la kwanza kunyoa kundi lote kwa mashine. Kwa mwenye kondoo wengi ni msaada mkubwa. Kwa mwenye kondoo wanane ni gharama ya kitana na visu vyake vinavyohitaji kunolewa kitaalamu, nayo hupata joto haraka na kumuunguza mnyama ikiwa haikutiwa mafuta. Stima ikipotea kondoo akiwa amenyolewa upande mmoja, makasi ya mkono ndiyo yatakayommaliza.

Mahali pa kazi pawe pakavu, tambarare na chini ya kivuli. Ubao mpana wa plaiwudi ni bora kuliko turubai, kwa kuwa turubai hujikunja chini ya miguu. Sakafu ya udongo isitumike, maana vumbi na majani makavu hushikana na sufu na hayatoki. Kando ziwepo ndoo ya maji yenye dawa ya kuua vijidudu, dawa ya vidonda, fagio, na meza au kitanda cha fito cha kutandazia sufu. Nguo za mnyoaji zisiwe na vifungo vikubwa wala mikanda ya chuma.

Nimekodi mnyoaji anayezunguka mashambani. Nimuulize nini?

Muulize alikuwa wapi jana. Si swali la ukarimu tu, kwa kuwa makasi na nguo zake ndivyo vinavyoweza kuleta upele, chawa na majipu kutoka zizi la jirani. Mnyoaji mwema hatakasirika ukimwomba asafishe vifaa kwa dawa mbele yako na kubadilisha ovaroli. Mpatane mapema malipo kwa kichwa, nani atashika na nani atafagia, na kama kukata kwato kumo katika bei hiyo. Angalia pia anavyomshika kondoo wa kwanza. Anayevuta mnyama kwa sufu humchubua chini ya ngozi, na alama hiyo huonekana kwenye nyama akichinjwa karibuni.

Nianze na kondoo yupi?

Anza na vijana wenye sufu nyeupe na safi, kisha wakubwa weupe, kisha wenye rangi, machotara na Dorper, na mwisho kabisa wale wanaotiliwa shaka kiafya. Utaratibu huu una sababu mbili. Ya kwanza ni sufu yenyewe: nywele chache nyeusi au ngumu zikiingia katika sufu nyeupe hazichukui rangi wakati wa kutia rangi, nazo huonekana kwenye kila fundo la kitambaa. Fagia ubao kila baada ya kondoo mmoja.

Ya pili ni ugonjwa wa majipu ya tezi, unaosababishwa na bakteria aitwaye Corynebacterium pseudotuberculosis. Kondoo mwenye ugonjwa huo huwa na uvimbe chini ya taya, mbele ya bega au juu ya goti la nyuma, na ndani yake mna usaha mzito. Makasi yakipasua uvimbe mmoja, usaha hubaki kwenye chuma na kuingia katika mikwaruzo midogo ya kondoo watakaofuata, na bakteria huyo huweza kuishi kwa majuma au miezi katika vumbi la banda. Kwa hiyo papasa tezi za kila mnyama asubuhi, kabla ya kazi kuanza. Mwenye uvimbe awe wa mwisho, na makasi yachovywe katika dawa kabla na baada yake.

Kondoo hushikwaje, na makasi huanzia wapi?

Simama upande wa kushoto wa kondoo. Mkono wako wa kushoto ushike taya la chini na kugeuza kichwa chake kuelekea ubavu wake wa kulia, huku mkono wa kulia ukibonyeza nyonga. Rudi nyuma hatua moja, naye ataketi chini bila kuangushwa. Mwegemeze katikati ya magoti yako, akiwa amelala kidogo upande mmoja wa tako na si wima juu ya mfupa wa mkia, kwa sababu mfupa huo ukibeba uzito hupata maumivu na huanza kupiga mateke. Hakikisha miguu yake haigusi kitu chochote. Kondoo aliyekaa namna hiyo hulegea, lakini kwato ikigusa ukuta au ardhi hupata pa kusukumia, na hapo utapigana naye mpaka mwisho.

Mpangilio wa mikato unaofuatwa leo karibu duniani kote ulienezwa na ndugu wawili wa New Zealand, Godfrey na Ivan Bowen, na mwaka 1953 Godfrey alinyoa kondoo 456 kwa saa tisa. Nyumbani hakuna haja ya kasi hiyo, na anayeanza akitumia nusu saa kwa kondoo mmoja hajakosea chochote. Kilicho cha kuiga ni mfuatano. Tumbo hunyolewa kwanza na sufu yake huwekwa kando, kwa kuwa ni fupi na chafu. Hufuata mapaja kwa ndani na sehemu ya siri, kisha mguu wa nyuma wa kushoto na juu ya mkia. Baada ya hapo makasi hupanda kutoka kifuani hadi shingoni, hufungua sufu chini ya taya, na kushuka kwenye bega la kushoto. Kondoo hulazwa kwa ubavu wake wa kulia, na mnyoaji hukata mikato mirefu kutoka kiunoni hadi kichwani mpaka avuke uti wa mgongo. Mwisho hukalishwa tena, na upande wa kulia hunyolewa kutoka juu kwenda chini hadi mguu wa nyuma. Ikifanywa vizuri, sufu yote ya mwili hutoka kipande kimoja.

Mkono usio na makasi ndio unaofanya kazi ngumu zaidi. Huo huvuta ngozi iwe bapa mbele ya makasi, nayo makasi hulala juu ya ngozi bila kuelekezwa chini. Kosa la wanaoanza ni kushika sufu na kuivuta juu ili waone wanapokata. Ngozi ya kondoo ni nyembamba na legevu, nayo huinuka kama hema pamoja na sufu na kukatwa. Pawe na uangalifu wa pekee kwenye mikunjo ya shingo ya Merino, kwenye kwapa, kwenye ukano mnene ulio juu ya kisigino cha mguu wa nyuma, masikioni na ukeni. Chuchu zifunikwe kwa kiganja wakati wote unaponyoa karibu nazo, hata za mwanakondoo jike ambazo ni ndogo na huzama katika sufu, kwani chuchu iliyokatwa inaweza kumwondoa katika uzazi kabla hajazaa. Kwa dume, funika korodani na ncha ya uume.

Ukiona umeacha sufu ndefu mahali, iache. Kurudia kukata huzalisha vipande vifupi ambavyo havisokotwi na hufanya uzi uwe na vinundu. Mnyama mwenye mistari mgongoni huchekesha watu kwa wiki moja tu, kisha sufu hulingana.

Nimemkata ngozi. Nifanye nini?

Mkwaruzo mdogo upakwe ayodini au upuliziwe dawa ya vidonda, na kazi iendelee. Jeraha lililofungua nyama, au lenye urefu unaozidi kidole, lishonwe na daktari wa mifugo au msaidizi wake. Chuchu, uume na ukano wa mguu ni dharura, na daktari aitwe wakati huohuo. Katika siku zinazofuata tazama kila jeraha asubuhi na jioni kwa ajili ya nzi. Pepopunda huingia kwa njia hii pia, na chanjo yake haisaidii ikitolewa siku ya jeraha; hutolewa majuma kadhaa kabla, na kwa mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa huhitaji dozi mbili.

Je, naweza kukata kwato, kutoa dawa ya minyoo na kuogesha siku hiyohiyo?

Kwato, ndiyo. Kondoo amekwisha kukaa chini, na dakika mbili zaidi hazimdhuru. Minyoo nayo ichunguzwe hapo. Fungua kope ya chini na utazame rangi ya utando wa ndani: wekundu ni heri, weupe ni dalili ya upungufu wa damu unaoletwa mara nyingi na mnyoo wa tumbo mnyonya damu, Haemonchus contortus. Kadi ya rangi za macho ya FAMACHA, iliyotengenezwa Afrika Kusini, hupanga hali hiyo kuanzia daraja la 1 hadi la 5. Wape dawa wale wanaoihitaji, kwa kipimo cha uzito wao halisi, kwa sababu kuwapa wote kila mara ndiko kunakowafanya minyoo wasisikie dawa. Papasa pia uti wa mgongo nyuma ya mbavu. Ukihisi ncha kali za mifupa, mnyama huyo aongezewe lishe.

Kuogesha kusubiri. Maji ya josho yaliyopitia kondoo wengi yana uchafu na vijidudu, na ngozi iliyojaa mikwaruzo ni mlango wazi. Ngoja walau majuma mawili, vidonda vipone na sufu iote kidogo ili iweze kushika dawa. Dawa za kumwagia mgongoni ni tofauti, na baadhi hutakiwa kutumika ndani ya siku chache baada ya kunyoa. Soma maelezo ya chupa, ikiwa ni pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na uzifuate.

Baada ya kunyolewa, kondoo atunzwe vipi?

Baridi ndiyo adui kwa majuma mawili ya mwanzo. Kondoo aliyebakiwa na milimita chache za sufu hutumia chakula kingi kupasha mwili joto, kwa hiyo mpe nyasi kavu za kutosha mara tu anapomaliza, na uongeze kiasi cha kila siku. Walale ndani, mahali pasipo upepo, na mvua ikitishia mchana warudishwe. Jua kali la mchana nalo huunguza ngozi nyeupe katika mwinuko wetu, hivyo kivuli kiwepo malishoni.

Usishtuke ukisikia kelele nyingi jioni. Wanakondoo huona mama zao wamebadilika umbo na harufu, na baadhi hukataa kuwakaribia mpaka wasikie sauti yao. Waache pamoja katika zizi dogo, watatambuana. Madume ni hatari zaidi. Dume aliyenyolewa huonekana mgeni kwa mwenzake, na wawili waliokaa kwa amani mwaka mzima wanaweza kupigana vichwa hadi mmoja avunjike shingo. Waweke kwa siku moja au mbili katika chumba chembamba ambamo hawana nafasi ya kurudi nyuma na kukimbiliana.

Sufu ishughulikiwe vipi baada ya kutoka mwilini?

Itandaze mezani, upande uliokatwa ukiwa chini, kisha uzunguke ukiondoa pembezoni zote zenye kinyesi, miiba, sufu ngumu ya miguu na ile iliyoganda kwa jasho. Usione huruma. Sufu nzuri iliyochanganywa na mbaya kidogo huuzwa yote kwa bei ya mbaya. Kunja pande zote mbili kuelekea katikati, viringisha kutoka mkiani kwenda shingoni, na uiache ipoe hewani kabla ya kuihifadhi.

Kisha usiitie katika gunia la nailoni. Ninajua ndilo gunia lililopo kila nyumba, lile lililoleta mbolea au lililokuja na viazi, lakini nyuzi zake za plastiki huchomoka, hujichanganya na sufu na hazionekani kabisa mpaka kitambaa kimekwisha kufumwa na kutiwa rangi, ndipo zinapotokea kama mistari myeupe. Mnunuzi aliyewahi kupata hasara hiyo hugusa gunia la nailoni na kuondoka. Kamba za katani huharibu vivyo hivyo. Tumia shuka kuukuu la pamba, mifuko ya kitambaa au boksi safi la karatasi, hifadhi mahali pakavu palipoinuka, na ukague nondo na panya.

Nani atanunua sufu ya kondoo kumi?

Kondoo wa kundi dogo asiyepata lishe ya ziada mara nyingi hutoa kilo mbili au tatu, na ikioshwa, theluthi moja hadi nusu ya uzito huo hupotea kama mafuta, jasho na vumbi. Kiasi hiki hakiwavutii wanunuzi wa viwanda. Huwafaa wanaosokota kwa mkono, na hao wapo: Nanyuki kuna kikundi cha wanawake wasokotaji na wafumaji kilichoanza mwaka 1977, na Njoro wako Kenana Knitters, wanaofuma wanasesere na mavazi kwa sufu inayosokotwa kwa mkono. Kabla ya kubeba mzigo, peleka sampuli ya kiganja kimoja kutoka begani na uulize wanataka sufu ya aina gani, ya urefu gani, na kama wanachukua iliyooshwa au mbichi. Majirani watano wanaonyoa juma moja na kuchambua kwa kanuni moja wana cha kuzungumza na mnunuzi. Mmoja peke yake ana kazi ya kumshawishi.

Naweza kuiosha nyumbani?

Inawezekana, kilo moja kwa mara moja. Izamishe katika maji ya moto ya nyuzi 60 hivi yenye sabuni ya maji, iache dakika ishirini bila kuikoroga, itoe kabla maji hayajapoa, na uisuuze katika maji ya joto linalokaribiana na lile. Joto linalobadilika ghafla pamoja na kusugua hufanya nyuzi zikamatane na kuwa blanketi gumu lisilofunguka. Kama unakusudia kuuza, uliza kwanza, kwani wasokotaji wengi hupendelea kuosha wenyewe.

Na ile chafu iliyobaki?

Ipelekwe shambani. Sufu ina naitrojeni nyingi inayoachiliwa polepole inapooza, nayo hushika maji vizuri. Tandaza tabaka jembamba kuzunguka mashina ya kabichi, sukuma wiki au miti ya matunda, kisha uifunike kwa majani au udongo kidogo ili ndege wasiichukue kujengea viota. Ikiwekwa kwenye mboji, ichanwe vipande vidogo na kuloweshwa kwanza, kwa sababu mafuta yake hufukuza maji na bonge zima linaweza kukaa mwaka bila kuoza. Sufu iliyotoka kwa kondoo mwenye majipu au upele isiingie shambani wala sokoni: ichomwe siku hiyohiyo, mbali na zizi.